Kofi Nililompiga Atupele kwa Ajili ya Chembe Pacha

Mkosaji ni mimi. Msinitafutie sababu, mkono ni wangu.

Nilikuwa mwalimu wa fizikia, kidato cha sita, hapa Kyela. Nilisoma juujuu kwenye simu habari za chembe pacha: zikishafungamanishwa, hata ukizitenganisha mbali, majibu ya vipimo vyake yanaoana. Basi nikaenda kujimwambafai darasani, kujifanya mjuzi!

"Kompyuta moja iko mjini, ina orodha ya siku ambazo mnunuzi wa kokoa ana nafasi. Nyingine iko kijijini Busale, ina siku za nafasi za wakulima. Zinatafuta siku moja ambayo wote wanaweza kukutana. Zikigawana chembe hizo, hazitumiani ujumbe hata mmoja!"

Atupele, binti wa Busale, akanyoosha mkono. "Samahani mwalimu. Ujumbe unapungua tu, haumaliziki kabisa. Bila neno kusafiri, ya mjini itajuaje siku za Busale?"

Alikuwa sahihi, na nilijua palepale! Lakini darasa likanicheka, hasira zikanipanda.

Nikamzaba kofi la sikio kwa nguvu zangu zote. Akagonga kichwa kwenye dawati. Alipojaribu kuinuka nikamwongeza la pili, sikio lilelile! Damu ikamtoka sikioni, ikadondokea daftari. Na mimi bado nafoka, "Sema tena! Sema tena!" Wenzake ndio walionikamata.

Kesho yake baba yake alinifuata nilikopanga, Mbugani, akaning'oa meno mawili kwa ngumi mbele ya mke wangu. Sikujitetea. Kazi nayo nikafukuzwa. Hayo nilistahili jamani. Lakini sikio la kushoto la yule binti halikupona.

Miezi yote iliyofuata nikajificha. Nikajidanganya eti atakuwa anajua tu kwamba najuta. Atajuaje, mjinga mimi, bila neno kusafiri?

Juzi nikaenda Busale. Nilimkuta anaanika mpunga na mama yake. Mama hakuitikia hata salamu.

"Nisamehe, mwanangu," nikasema.

Atupele akageuka, akanielekezea sikio la kulia.

"Rudia, mwalimu. Upande ule sisikii."

Nikarudia huku nalia. Hakusema amenisamehe.

Walimu wenzangu, mtoto akikusahihisha, kiri mbele yake kwamba wewe ndiye uliyekosea, yaishe. Hiyo mikono ishikeni! Na kama umeshaumiza mtu, nenda mwenyewe ukamwombe radhi angali anasikia.