Bakteria Waliolelewa na Vifaranga

Revelian alirudi kwake Segerea na bakteria ndani ya chupa ya chai. Usimcheke. Mwaka ule wa mgao wa umeme friza ya maabara chuoni ilikuwa imeyeyuka tena, na vijidudu wale ndio ujana wake wote. Aliwasomea ugenini, kwenye baridi, akawapachika vinasaba vya kula sukari mbili kwa pamoja: ile tamu tunayoijua na ile ngumu iliyomo kwenye miti. Bakteria wengine hula tamu wakaiacha ngumu. Wake walikula zote, wakageuza makapi ya mkonge kuwa spiriti ya kuendeshea magari. Mgeni wa wafadhili alikuwa anakuja kujionea, na asiporidhika mradi unafungwa.

"Umetuletea wadudu nyumbani, baba Adelina?" mkewe, Eufrazia, aliuliza akiwa bandani. Mshahara wa mhadhiri siku hizo ulikuwa jina tu. Kuku wa nyama wa Eufrazia ndio waliomlisha mhadhiri.

"Wanataka joto tu. Niwekee hapo kando ya chemli."

Basi wakalelewa pamoja, vifaranga huku, chupa kule, taa moja ikiwapasha wote. Hata dawa ilikuwa moja. Vinasaba vya kupachikwa ni mzigo, na bakteria akiutua hukua upesi kuliko mwenzake. Ila mzigo huohuo ndio unaomkinga na dawa fulani ya kuua vijidudu. Ukiitia kwenye lishe yao, waliotua mzigo wanakufa, wabebaji wanabaki. Ya chuoni iliisha. Bahati nzuri ndiyo hiyohiyo, ya unga wa njano, wafugaji wanayowatilia vifaranga majini, na siku hizo maduka mapya ya dawa za mifugo yalikuwa yamejaa pakiti zake kila kona. Eufrazia alinunua, wakawa wanachota wote.

Revelian alipaswa kuijaribu kwanza. Alijua. Lakini kujaribu kunataka umeme, na umeme haukuwepo, naye alikuwa amechoka, uchovu ule wa mtu anayefundisha mchana na kubeba pumba jioni. Akaitia hivyohivyo.

Vifaranga wakaanza kulegea mabawa na kuharisha. Eufrazia aliongeza dawa, wakazidi kufa.

"Baridi hiyo," Revelian alimwambia. "Sogeza taa."

Upande wa chupa mambo yalikuwa mazuri ajabu. Kila asubuhi maji yalikuwa mazito kama togwa. Bakteria walikuwa hawajawahi kunenepa vile, na Revelian, jamani, kwa mara ya kwanza mwaka ule alikwenda kazini akipiga mluzi.

Mgeni alikuja, mama mmoja mpole. Bakteria wakatiwa kwenye pipa la maji ya makapi ya mkonge, mapovu yakapanda, watu wakatabasamu. Kesho yake mapovu yakanyamaza. Walipopima, sukari tamu ilikuwa imekwisha, na ile ngumu ipo palepale, haijaguswa. Mgeni alimshika Revelian mkono, akasema pole. Ile pole ndiyo iliyomuuma, kwa sababu aliielewa maana yake: mradi umefungwa.

Alirudi nyumbani bila kubadili nguo, akapitiliza bandani. Eufrazia alikuwa amechuchumaa, anakoroga dawa kwa ajili ya vifaranga wachache waliosalia. Revelian akachukua pakiti, akachovya kidole, akalamba. Dawa ile ya kweli ni chungu, inakunja uso. Hii haikuwa na uchungu wowote. Ilikuwa unga wa muhogo uliotiwa rangi.

Akaketi juu ya gunia la pumba. Wiki zote zile vifaranga walikuwa wanamwambia, naye anasogeza taa.

"Mwaga, mama Adelina. Si dawa hiyo."

Eufrazia aliyatazama maji, akawatazama vifaranga, akayamwaga polepole mlangoni.

"Na wale wako?" aliuliza. "Wamekufa nao?"

"Hapana," Revelian alisema. "Wangu wazima. Wametua mzigo, wamenona."