Lavinia Attakai na Lugha ya Kanuni Kumi na Sita

Lavinia Attakai aliendesha basi la shule kwa miaka kumi na tisa, na katika kumi na mitano ya mwanzo sikuwahi kumsikia akimaliza sentensi moja ya Kinavaho, lugha yetu sisi Wanavaho wa Arizona, Marekani. Nasema kwa hakika, maana basi langu liliegeshwa kando ya lake kila siku. Ukoo wa mama zetu ni mmoja, kwa hiyo yeye ananiita kaka nami namwita dada.

Kuelewa alielewa yote. Ukimtania kwa Kinavaho, alicheka pale pale panapochekesha. Ila jibu lilitoka kwa Kiingereza.

Sababu ilijulikana. Mama yake alipelekwa shule ya bweni akiwa na miaka sita, na huko mtoto aliyenaswa akisema lugha ya kwao aliswakishwa kwa sabuni. Alipokuja kuzaa, aliapa kwamba wanawe hawataonja sabuni hiyo, akawalea kwa Kiingereza kitupu. Mdogo wa mama huyo, Nanabah, hakwenda shule kabisa. Siku gari la serikali lilipokuja kukusanya watoto, bibi yao alimficha korongoni pamoja na mbuzi. Basi wakakua hivyo, ndugu wawili wa tumbo moja: mmoja akawa hasemi Kinavaho, mwingine hajui Kiingereza hata cha kuombea chumvi.

Mama alipofariki, Lavinia alihamia kwa mama mdogo Nanabah, upande wa Piñon, amsaidie kondoo. Wiki ya kwanza alijaribu. Alimnyooshea mkono mama mdogo aliyeshika kikombe, akaomba maji kwa Kinavaho.

Sasa, kwetu huwezi kusema "nipe" ukaishia hapo. Kitenzi chenyewe kinataka kujua unapewa nini. Kitu kigumu cha mviringo kina "nipe" yake, kamba ina yake, fimbo ina yake, blanketi ina yake, sufu iliyotifuka ina yake, kilichomo ndani ya chombo kilicho wazi kina yake, na chenye uhai kina yake. Lavinia alisema shaa ní'aah, "nipe" ya jiwe.

Mama mdogo alicheka hadi akafuta machozi kwa ncha ya kitambaa cha kichwani. Haikutosha. Kwa miezi miwili, kila mkutano wa kata aliwasimulia watu: "Mtoto wa dada yangu anataka nimpe maji kama jiwe!"

Lavinia akafunga mdomo. Miaka mitano.

Madereva wa basi tuna saa nyingi za kungoja katikati ya mchana. Wengine tulilala. Lavinia alisoma. Majira fulani ya baridi aliokota kitabu chembamba chenye nyota ya kijani, kutoka kwenye sanduku la vitabu vya msaada. Kilikuwa cha Kiesperanto, lugha aliyoibuni daktari wa macho wa Poland zaidi ya miaka mia iliyopita, ili watu wa mataifa wasikilizane bila mmoja kuwa juu ya mwingine. Kanuni kumi na sita tu. Kila nomino inaishia na o. Kitenzi cha jana kina mwisho wake, cha leo wake, cha kesho wake, na hakuna hata kimoja kinachokwenda kinyume. Kabla theluji haijayeyuka alikuwa anaandikiana barua na watu wa nchi nne.

Nilimchokoza. "Dada, hiyo ni lugha ya watu gani?"

"Ya yeyote."

"Kwao wapi?"

"Hawana kwao."

"Maskini! Hata kondoo hawana?"

Alicheka. Kisha akasema, macho kitabuni, "Kaka, humu hakuna mama mdogo wala bibi wa kunicheka. Kila mtu ni mgeni."

Mimi nilirudi kulala. Maneno yale yalinipita.

Aprili ya mwaka 1994 mmoja wa watu wa barua alikuja. Aliitwa Ilonka Vereb, mwalimu mstaafu wa jiografia kutoka Hungaria, mama mnene mwenye viatu vya kupandia milima, na Kiingereza hakujua. Nilimchukua mjini Flagstaff kwa pikapu yangu na tukasafiri saa tatu tukitabasamiana tu.

Tulipofika, mama mdogo alikuwa ameweka mezani mchuzi wa kondoo na mkate wa kukaanga. Alimpa mgeni mkono kwa ulaini, kama desturi, kisha akanionyesha mgeni kwa midomo, maana kwetu hatunyoosheani kidole.

"Anasema nini huyu?"

"Mimi sijui, mama mdogo. Muulize mwanao."

Ndipo sote tulipoona ilivyo. Mgeni alijua Kiesperanto na Kihungaria. Mama mdogo alijua Kinavaho. Mimi nilikuwa na Kinavaho lakini si Kiesperanto. Aliyekuwa na vyote viwili ni mmoja, na alikuwa ameinamia sahani yake masikio yakimwiva.

"Anasema..." Lavinia alianza kwa Kinavaho, akakwama, akaanza upya. "Anasema chakula kitamu. Anauliza umri wako."

Sarufi ilichechemea, lakini ilifika. Mama mdogo akajibu. Lavinia akageuza. Ilonka akasema neno, na Lavinia akacheka peke yake.

"Nini?" mama mdogo alidai.

"Katika lugha yao hakuna neno la mzee. Wanachukua kijana, wanamtangulizia 'si'. Wewe ni... si-kijana."

"Mimi?"

"Na baridi ni si-joto. Na kibaya ni si-kizuri."

Mama mdogo alitafuna taratibu. "Wavivu hawa. Mwambie na mkate wake ni si-mwingi, ale aongeze."

Ilonka alitaka kujua "nipe" inasemwaje. Kwake ilikuwa donu al mi, iwe jiwe, iwe mtoto. Mama mdogo akauliza, "Nipe nini?" Mgeni hakuelewa swali. Mama mdogo akainuka, akaanza kumwekea vitu mkononi kimoja kimoja: kitunguu, kamba, kijiko, blanketi, kikombe cha kahawa. Kwa kila kimoja, neno jingine. Mgeni aliandika, akafuta, akaandika tena, akashika kichwa. Nilipoondoka walikuwa bado.

Siku ya tatu mvua ilinyesha juu ya theluji, na barabara zetu za udongo zikawa uji. Lavinia alikwama upande wa shule, akalala kwa mpishi mmoja. Kesho yake mchana alirudi na basi, nami nikimfuata kwa pikapu na mnyororo wa kuvutia, endapo angezama. Hofu yetu ilikuwa moja: wale wawili wameishije siku nzima bila mkalimani?

Tuliwakuta zizini wakinyoa kondoo. Mama mdogo ameshika mkasi. Ilonka, manyoya hadi kwenye nyusi, alinyoosha mikono akasema, "Shaa níłjool." Nipe ya sufu, sawasawa kabisa. Akapewa.

"Bona," akasema mama mdogo. Nzuri, kwa Kiesperanto!

Lavinia alifurahi, akaruka uzio kusaidia. Palikuwa na mwanakondoo kwapani mwa mama mdogo. Akanyoosha mikono kumwomba, na kwa kuwa neno la mgeni lilikuwa bado linamlilia masikioni, akasema lile lile, la sufu. Nipe hilo furushi la manyoya.

Mama mdogo aliangua kicheko.

Lavinia aligeuka akaelekea kwenye basi. Ilonka akamfuata matopeni. Walizungumza kwa lugha yao, na baadaye dada alinieleza. Mgeni alimwambia, "Jana nimekosea mara mia. Alinicheka kutwa. Nami nilicheka, kisha nikasema tena."

"Kwako si kitu," Lavinia alimjibu. "Si lugha yako. Hii ni yangu, na siijui."

Ilonka alimshika kiwiko.

Kisha Lavinia akarudi zizini. Akasema kwa Kinavaho, mbele yangu, "Mama mdogo, ukinicheka, mdomo wangu unafunga. Umefunga miaka mitano."

Kitenzi kimoja kilikuwa kimekosewa. Hakuna aliyecheka. Mama mdogo aliweka mkasi juu ya gogo.

"Mama yako aliporudi kutoka shule," alisema, "nilimkimbilia hadi barabarani. Nilikuwa nimemwekea habari za mbuzi wote, nani amezaa, nani ameliwa na mbwamwitu. Hakunijibu. Nilidhani ananichukia kwa kuwa mimi nilifichwa na yeye hakufichwa. Akafa tukiwa hivyo. Siku ile uliponiomba maji, mtu wa nyumba yake alinisemesha. Ndiyo, nilicheka. Nikaenda kuwaambia watu wote. Mwanangu, nilikuwa najisifu."

Lavinia alijifuta pua kwa mkono wa koti.

"Basi sema tena," mama mdogo akamwambia. "Huyu anapumua."

"Shaa níłteeh."

Akapewa mwanakondoo, naye papo hapo akamkojolea. Tukacheka sote wanne, Ilonka kuliko wote.

Sisemi kwamba mambo yalinyooka siku ile. Lavinia alijaribu kwanza kuipanga lugha yetu katika kanuni kumi na sita, kama kitabu chake. Alipofika kanuni ya arobaini na moja alichana karatasi. Lugha ile imebuniwa ili mgeni asipotee; yetu haikumwazia mgeni yeyote. Lakini alichukua kitu kimoja kwa wale watu wasio na kwao: kwamba kukosea ni njia ya kawaida ya kuongea. Akaanza kusema Kinavaho na watoto ndani ya basi, na wazazi wakaanza kutuambia kwamba watoto wa basi lake wakifika nyumbani wanaomba kijiko kwa "nipe" ya kijiko.

Alipoacha udereva alianzisha darasa katika ukumbi wa kata, Jumanne saa nane mchana. Si la watoto. Ni la watu wa rika letu wanaoelewa yote na hawathubutu. Sharti ni moja: kucheka ruhusa, ila baada ya mtu kumaliza sentensi. Mama mdogo Nanabah alikaa mbele kabisa hadi mwaka aliotutoka, akisokota nyuzi na kuwapa watu vitu.

Jumanne iliyopita walikuja kumi na wanne. Mmoja ni fundi bomba wa miaka sitini na nane, mkimya sana, ambaye mkewe alikuja naye ili tu ashuhudie. Alimwomba mkewe blanketi lililokuwa mapajani mwake. Alianza mara tatu. Mara ya nne ikatoka nzima, na kitenzi chake ndicho. Mke alikaa akimwangalia, blanketi mkononi, akasahau kumpa.