Wingu Alilolisema Wanda

Wanda Archuleta hakuwa mtu wa kusahau. Kwao Alamogordo, mji wa jangwani Marekani, walimjua; dada yake aliwahi kunyimwa salamu miaka kadhaa kwa sababu ya sufuria. Mtu wa namna hiyo ndiye ambaye Dale Kinnaman aliona afadhali kumchezea.

Wote wawili walikuwa wasomi wa anga. Ujana wake wote Wanda aliumaliza kwenye jambo moja. Mwanga wa jua ukipita hewani hujipanga, ukatikisika zaidi upande mmoja. Wingu jembamba la barafu huuvuruga mpangilio huo. Basi ukizungusha kioo cha kuchuja mwanga mbele ya jicho, anga safi huingia giza, na wingu lisiloonekana kwa macho matupu hubaki na weupe wake, kama utando juu ya maziwa.

Kinnaman alipopewa ukuu wa idara, aliufunga mradi huo wa Wanda mbele ya kadamnasi. "Mama Mawingu huyu," alisema, "hata kwenye sahani safi ataona wingu." Watu wakaangua kicheko na jina likaganda. Wanda akacheka nao, akaliweka moyoni.

Siku ya Kinnaman ikafika. Chombo chake kipya cha kupima joto la ardhi kilikuwa kijaribiwe kwa ndege juu ya ziwa kavu, chini ya anga isiyo na doa, kabla ya kufungwa kwenye setilaiti, na ndege ilikuwa imeazimwa kwa asubuhi ile tu. Desturi yao ni kwamba kabla ya rubani kuitwa, kila mmoja huulizwa redioni, naye hujibu sawa au hapana. Mkuu ndiye anayeamua.

Wanda alizungusha kioo chake. Utando ulikuwepo, umetanda kutoka milimani mpaka juu ya vichwa vyao.

Kando yake Kinnaman alikuwa amekinga macho kwa kiganja. "Mbona jua limepauka?" alinong'ona. "Au tusubiri kidogo?"

Wanda aliiona shaka ile. Akinyamaza, mtu huyu atasubiri, atajiokoa.

"Anga, Wanda?" redio iliuliza.

"Hapana. Kuna wingu jembamba."

Uso wa Kinnaman ukakunjuka pale pale. "Haya, Mama Mawingu kaamka! Jamani, kuna mwingine anayeliona?" Wenzao wakatazama juu, wakatikisa vichwa. "Basi. Rubani, njoo."

"Mimi nimeshasema," Wanda alijibu kwa adabu, sauti ikanaswa vizuri kwenye kanda ya redio. Moyoni alikuwa akishangilia.

Vipimo vilirudi vinaonyesha jangwa la kiangazi lina baridi, kwa kuwa wingu lile la barafu lilikinga joto la ardhi. Chombo kikaondolewa kwenye setilaiti, na Kinnaman kwenye kiti chake. Kanda ilisikilizwa, hakuna aliyeweza kumlaumu Wanda.

Jioni aliyofungasha vitu vyake, Kinnaman alimkuta Wanda uani kwake akichoma pilipili za kijani. Hakukaribishwa kiti.

"Ungeng'ang'ania," alisema. "Ungenionyesha hicho kioo. Ulijua kabisa nitakubishia."

Wanda aligeuza pilipili, ngozi zikapasuka.

"Nilijua," alisema. "Ulikuwa umeshaanza kuahirisha, Dale. Ndiyo maana nikasema."