Orodha ya Majina Kumi na Sita

Kuongea mbele za watu kunanishinda, ndiyo maana napenda kompyuta: haikukodolei macho. Bibi, mama yake baba, alipoanza kusahau, sikumwambia mtu kwamba naogopa. Niliandika programu.

Kihambani kwake, shamba la ukoo mteremkoni mwa Meru, wafu wetu wamezikwa katikati ya migomba na kahawa, kila kaburi na sale lake, mmea wa majani marefu unaopandwa kulitambulisha. Jumamosi moja tulipita yote, mimi na laptop ya kaka. Bibi alikuwa anashika jani la sale, anasema "Shikamoo," anataja jina, naandika. Alianza na mama mkwe wake. Jina lile ndilo nililorithi. Ndiyo maana bibi huniita "mama".

Makaburi kumi na saba.

Orodha ya kuwekea majina sikuiunda mwenyewe. Niliichukua kwenye maktaba ya programu, zile kazi ambazo wengine wameshaandika, nikanakili mfano wa mwalimu wetu wa kompyuta. Mfano ulikuwa na kikomo cha kumi na sita. Sikukigusa. Kumbe orodha ya aina ile ikijaa haikatai wala haikuonyi: inapokea jipya mwishoni na kulisukuma nje la kwanza. Kimya kimya.

Jumamosi iliyofuata nilipanda tena, ukungu umeshuka mpaka kwenye kahawa. Bibi akapita sale la kwanza bila kusimama.

"Bibi, na hapa?"

"Hapo? Hapo hakuna mtu."

"Acha utani, bibi."

Akaniangalia kwa adabu, kama mgeni. "Na wewe ni binti wa nani? Umetumwa maziwa?"

Akaendelea mbele. Nikafungua laptop palepale, nimwonyeshe. Orodha ilianza na baba mkwe wake. Nikahesabu mara tatu: kumi na sita. Jina langu halikuwemo.

Najua bibi anaumwa, daktari alishasema. Najua pia orodha haimgusi mtu. Lakini nilifuta kumi na sita, nikaweka mia, nikaandika jina mstari wa kwanza, nikahifadhi.

Majani makavu ya migomba yakakwaruzana nyuma yangu. Bibi alikuwa amerudi. Akanishika bega taratibu, vile anavyoshika jani la sale.

"Shikamoo, mama."

Kila siku mimi ndiye ninayemwamkia. Nilingoja acheke. Hakucheka, alikuwa anangoja jibu, na midomo imeanza kumtetemeka.

"Marahaba," nikasema.

Akashusha pumzi, akaenda kwenye sale la pili.