Kiuno cha Muuguzi

Muuguzi wa zamu ya asubuhi hatulii. Huzunguka benchi la wagonjwa na utepe wake wa kupimia, akiwafunga watu viunoni kama mizigo. "Baba, tumbo hili lina miezi mingapi?" Kina mama nao huwapa lao: "Hedhi ikikoma, mafuta yanahama mapajani, yanapanga tumboni. Sentimita themanini na nane, mwisho!" Leo wanapimwa wafanyakazi, na vipimo vitabandikwa ukutani. Yeye mwenyewe ana miaka hamsini na miwili. Ameshakwenda msalani mara tatu, amevua sweta, amevua hata mkanda. Mwenzake mdogo anamzungushia utepe huku kina baba wa benchi wakinyoosha shingo.

"Dada, pumua basi nisome."

Macho yamemtoka, anajibu kwa midomo tu: "Andika kwanza."