Bingwa Anapopunguza Sauti

Hebu mwone akija kufungua saluni yake ya kunyoa: anasukuma mlango kwa bega, anafuta kioo kwa kiganja, na hajavaa hata aproni, mtaa umeshamwita, "Bingwa!" Huitikia kwa kidevu tu. Zamani majirani walimwona kwenye televisheni akiongoza mbio ndefu za jiji kuu, umeme ukakatika kabla ya mwisho, na aliporudi akapokewa kwa vigelegele. Nani angevikatiza? Tangu hapo mkono wa kulia hushika mashine. Wa kushoto hushika rimoti ya televisheni ya saluni, na kila msimu wa mbio hizo hupunguza sauti mtangazaji akianza kutaja washindi wa miaka iliyopita.

Jumapili hii mama mkwe wake alikuja kusalimia, akajichukulia rimoti. Nani ampokonye mama mkwe? Nikiwa kitini, nusu ya kichwa imenyolewa, zikaonyeshwa picha za zamani za mbio zile: Bingwa mwenyewe mbele, mwembamba kama ufito, kisha akatoka pembeni na kuinama. "Huyu alikodiwa kukimbia mbele mwanzoni tu, awavute wenzake kwa kasi," mtangazaji akasema, "kazi yake iliishia hapo."

"Mkwe," mama akauliza polepole, "mbona unatoka na mbio hazijaisha?"

Mashine ikanguruma hewani, mbali na kichwa changu. Mzee wa duka la jirani, aliyekuwa akingoja zamu yake, akakohoa. "Haya, Bingwa, mmalizie mwenzio, asitoke hapa kama shamba lililopaliliwa nusu." Tukacheka sote, isipokuwa yeye na mama mkwe.

Hebu niambie, msomaji wangu: siku hiyo jina la Bingwa lilimsitiri, au ndilo lililomvua nguo?