Eti zamani hakukuwa na stresi: maziwa yalivyonikatika Chumbageni miaka ya hamsini

Wakuu, na ninyi wajukuu mnaojiita wakuu, salaam aleikum. Shikamoo zenu nimezipokea kabla hamjazitoa.

Mie ni bibi wa miaka themanini na ushei. Mzaliwa wa Kigombe, nimeolewa Chumbageni, Tanga mjini, na ndipo nilipo hadi leo. Simu hii wajukuu wamenipa niwapigie wao. Badala yake nashinda nasoma nyuzi zenu, na nyuzi zenu zinanipandisha presha.

Majuzi kijana mmoja kaja na uzi hapa kwamba wanawake wa zamani walizaa na kulea bila stresi, eti stresi imeletwa na simu na uvivu. Mkamgongea laiki mpaka nikatamani kuitupa simu uani.

Nikaona nikinyamaza nitapasuka. Ninayoandika hapa yamenikuta mwenyewe, si ya kuhadithiwa. Na sitatia chumvi, maana chumvi daktari ameshanikataza hata kwenye mchuzi.

Twende.

Ilikuwa miaka ya hamsini, Mwingereza bado anatutawala. Mume wangu Salimu, Mungu amrehemu, alikuwa fundi cherehani, anashona barazani, wateja wake wengi watu wa mashamba ya mkonge. Tulikaa nyumba moja na mama yake.

Kwetu mimba ya kwanza mtu huenda kuzalia kwao. Mie nisingeweza. Baba yangu alikuwa ameanguka mnazi, mguu umevunjika, mama anamuuguza kule Kigombe. Kwa hiyo nikazalia Chumbageni, mikononi mwa mavyaa.

Mavyaa ni mama mkwe, kwa msiojua. Na msiojua mshukuruni Mungu.

Nikajifungua salama, mtoto wa kike, tukamwita Zaituni. Siku za mwanzo maziwa yalitoka vizuri tu. Mtoto ananyonya, analala, kashiba.

Kisha wageni wakaanza.

Mzazi wa kipwani hukaa ndani arobaini, na watu huja kumtazama mtoto. Kumrudisha mgeni mlangoni ni aibu ya ukoo mzima. Basi walikuja asubuhi, wakaja mchana, wakaja alasiri. Wanakaa kitandani kwangu, wananitazama kifua, wanatoa hukumu.

Huyu anasema mtoto mwepesi. Yule anasema maziwa yangu kama maji ya kuoshea mchele. Mwingine alinifunua kanga bila hata kuuliza, akabonyeza kama anachagua papai sokoni, akaguna, akaenda zake. Aliguna nini mpaka leo sijui.

Nilikuwa binti mdogo. Nilikuwa naitikia "ndiyo, shangazi" huku nalia kimoyomoyo.

Na mavyaa sasa. Mavyaa alikuwa anavaa mitalawanda, vile viatu vya mti. Akitembea ukumbini vinalia ko, ko, ko. Kila nikimweka Zaituni kifuani, ko, ko, ko zinakuja, mlango unafunguka, na swali ni lilelile:

"Yanatoka?"

Wakuu, ikafika mahali nikisikia ile ko ya kwanza tu, moyo unaruka, viganja vinalowa jasho, mabega yanapanda mpaka masikioni. Na maziwa yaliyokuwa yanashuka yanakatika palepale, kama mtu kafunga bomba. Mtoto anavuta hapati kitu, analia. Mavyaa akisikia kilio anakuja kuuliza kama yanatoka.

Siku moja akakamua maziwa yangu kwenye kijiko, akamtumbukiza sisimizi. Alijifunza wapi mambo hayo, usiniulize. Sisimizi akatapatapa, akafa. Mavyaa akatangaza mbele ya wageni kwamba maziwa yangu ni mabaya, yanaua.

Sisimizi, jamani. Mtumbukize kwenye asali atakufa. Mtumbukize kwenye maji ya mvua atakufa. Lakini wanawake wote waliojaa chumba kile walitikisa vichwa kumkubalia, na mie mzazi nisingeweza kumjibu mama wa mume wangu.

Zaituni akaanza kupewa maziwa ya ng'ombe yaliyochanganywa na maji. Tumbo likamwendesha. Akakonda mpaka ngozi ya mapaja ikalegea, na kilio chake kikawa kidogo. Mtoto anayelia kwa nguvu hakutishi. Anayelia polepole ndiye anayekutoa roho.

Nikamwambia Salimu usiku nasikia kama moyo utanitoka, silali, chakula hakipiti. Akanipapasa kichwa, akasema, "Punguza mawazo, mke wangu."

Hapa nisimame kidogo.

Tangu dunia iumbwe hakuna mtu aliyepunguza mawazo kwa kuambiwa apunguze mawazo. Hakuna. Na leo nawaona mnaandikiana hukuhuku, "punguza stresi mkuu", "tulia mkuu". Atulie vipi na kinachomtisha bado kimesimama mlangoni? Mnaniudhi.

Mjukuu wangu Rehema, kitinda mimba wa huyohuyo Zaituni, ni muuguzi. Ndiye aliyekuja kunieleza uzeeni nini kilinipata.

Anasema juu ya kila figo kuna kitezi kidogo. Ubongo ukihisi hatari, vitezi hivyo vinamwaga homoni inaitwa adrenalini. Moyo unakimbia, pumzi zinakuwa fupi, damu inakwenda kwenye misuli ujiandae kupigana au kutoka mbio. Ni jambo jema ukikutana na chui. Tabu ni kwamba mwili hautofautishi chui na mavyaa.

Maziwa nayo yanashushwa na homoni nyingine, oksitosini. Hiyo inapenda raha na utulivu. Adrenalini ikipanda, oksitosini inazuiwa. Maziwa yamo tele kifuani, ila hayashuki.

Hofu ikikaa siku nyingi ndipo anapokuja kotisoli. Rehema anasema kotisoli ana kazi zake nzuri, asubuhi ndiye anayekuamsha. Lakini akizidi na asipopumzika, usingizi unaharibika, kula kunaharibika, mwili unachoka mpaka unaugua. Na titi lisilotolewa maziwa nalo linaacha kuyatengeneza.

Kwa hiyo sikuwa na maziwa mabaya, wala sikulogwa. Nilikuwa binti mwenye hofu, na kila aliyekuja kunisaidia alikuwa ananiongezea hofu. Ningeambiwa hivyo siku ile ningewabusu miguu.

Turudi Chumbageni.

Mavyaa akakata shauri. Wifi yangu wa Pongwe alikuwa na mtoto mchanga na maziwa ya kumwaga. Ijumaa baada ya sala, Zaituni atapelekwa Pongwe akanyonyeshwe huko. Hakuniuliza. Aliniambia nikunje nguo za mtoto.

Wifi alikuwa mtu mwema, sina neno naye. Lakini nilijua mtoto akitoka mlango ule maziwa yangu yatakauka moja kwa moja, na mwanangu atakuja kunirudia anamwita mwingine mama. Nilikunja nguo zile, nikazikunjua, nikazikunja tena.

Salimu hakuweza kubishana na mama yake, hilo halikuwemo katika umbo lake. Alichofanya ni kwenda kituoni, akampa maneno dereva wa basi la Pangani ayashushe Kigombe. Alhamisi asubuhi mama yangu akatokea.

Sasa msitegemee kwamba alikuja mama mwenye hekima akaniwekea mkono kichwani mambo yakaisha. Mama yangu alikuwa mgomvi. Mtaa wote wa Kigombe ulimjua. Aliingia na kikapu, ndani ya kikapu pweza mkavu, na kabla hajanifikia chumbani akawa ameshakutana na mavyaa uani.

"Habari za Kigombe, mkwe," mavyaa akaanza kistaarabu. "Lakini huyo pweza hapiti hapa. Mzazi hali pweza, mtoto atatoka upele."

"Nani kakwambia?"

"Mambo ya kujulikana hayo."

"Mie n'mezaa tisa kwa supu ya pweza," mama akasema. "Yuko wapi mwenye upele? N'tajie."

Mambo yakawaka. Mama akiudhika alikuwa anarudi kwenye Kimtang'ata chake, lahaja ya kwetu Kigombe, maneno yanatoka mengine hata mie nilikuwa nimeyasahau. Mavyaa naye, mtu wa mjini, akawa anamjibu kwa upole wa kuchoma. Kutoka kwa pweza wakaingia kwenye mahari, kutoka mahari wakaingia kwenye pilau ya harusi iliyokuwa mbichi.

Wageni waliokuwa wamenizunguka wakaanza kupepesa macho. Mmoja akainuka, eti anakwenda kuwapatanisha. Wa pili akamfuata ampatanishe yule mpatanishi. Kufumba na kufumbua chumba kikawa kitupu, wote wako uani wanakula uhondo. Hata yule wa kuguna.

Nikabaki mie na Zaituni.

Mara ya kwanza tangu nimzae, hapakuwa na mtu anayenitazama. Na ko, ko, ko nazo niliona hazina safari ya kuja kwangu, ziko uani zinapiga sakafu kwa hasira za pilau.

Nikashusha pumzi ndefu, ile ambayo nadhani nilikuwa nimeibana tangu siku wageni walipoanza. Nikamlaza mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi. Nje mama yangu akasema, "Mkwe, pilau ile hata kunguru waliisusa, na kunguru wa Tanga hawana makuu."

Nikacheka. Nilijiziba mdomo kwa kanga, nikacheka mpaka kitanda kikatikisika. Na nikiwa nacheka nikasikia upande mmoja unawasha, kisha upande wa pili, kisha kanga ikalowa.

Zaituni akakamata. Nikamsikia anameza. Anameza, anapumzika, anameza. Nililia sana siku ile, lakini kilikuwa kilio kingine.

Ugomvi uliendelea mpaka adhuhuri ilipoadhiniwa. Walipoingia wote wawili, jasho linawatoka, mtoto alikuwa amelala mdomo wazi, maziwa yanamtiririka shavuni.

Mavyaa akatazama. Akasema, "Mnaona dua yangu."

Mama akasema, "Dua gani? Pweza huyo."

Pweza mwenyewe, wakuu, alikuwa bado ananing'inia msumarini uani, mkavu vilevile, hajaguswa na maji. Mpaka wanakufa wale bibi wawili kila mmoja alidai yeye ndiye aliyeyashusha maziwa yangu. Nilichoka kubisha.

Safari ya Pongwe ikafa. Mama aliwaachia ndugu zangu kumuuguza baba, akakaa mpaka arobaini ikaisha, akigombana na mavyaa kila siku, nami nikanenepa.

Miaka baadaye nilikuja kuambiwa kwamba mavyaa alizika watoto wake wawili wachanga kabla ya Salimu. Hakuwahi kutamka. Kwa hiyo zile ko, ko, ko zilikuwa ni hofu inatembea kwa miguu. Adrenalini yake ilikuwa inapandisha yangu. Nilimsamehe, ingawa yale ya sisimizi bado yananikera.

Sasa kwa nini nawaandikia leo?

Kwa sababu mwezi uliopita Rehema kajifungua. Muuguzi, anazijua homoni zote kwa majina. Leo nikaenda kumwona. Nakuta wanawake wamejaa kitandani, simu zinapiga picha, mama mkwe wa Rehema kakaa miguuni anatoa ushauri wa uji. Na aliyemwinamia kifuani, tochi ya simu imewaka, ni Zaituni. Zaituni wangu, na mvi zake.

Anauliza, "Yanatoka?"

Rehema ananitazama machozi yanamlenga. Anajua kila kitu kinachotokea mwilini mwake, na kujua hakumsaidii chochote.

Sikutoa somo. Nilitoka nikasimama uani, nikaita kwa sauti ya Kigombe:

"Zaituni! Nani kapika uji huu unaonuka moshi? Na pweza niliyemleta nani kamtupa?"

"Pweza gani, mama?" Akatoka mbio. "Mama, una nini leo? Mbele za wageni?"

Nikamjibu vibaya. Yule mama mkwe akatoka kumtetea, naye nikamjibu. Wageni wakatoka wote, na simu zao.

Nyuma yao nikasikia Rehema ameinuka, akakomea mlango kwa ndani.

Somo basi, kwa wanaotaka somo. Rehema anasema pumua polepole, kutoa pumzi kuwe kurefu kuliko kuvuta. Lala, tembea, sema na mtu usiyemwogopa, na mtoto asipopata maziwa peleka kliniki, usihangaike na sisimizi. Yote kweli. Mie naongeza moja: ukimpenda mtu mwenye hofu, usimwambie atulie. Kiondoe kinachomtisha. Na kama kinachomtisha ni wewe, toka chumbani.

Haya, uwanja wenu, semeni nanyi yaliyowakuta. Na yule kijana wa "zamani hakukuwa na stresi", komenti yako naisubiri. Nimekaa uani, Zaituni bado kaninunia, na mlango wa Rehema haujafunguliwa.